Río Negro walikosa nini?

Historia ya Guatemala kwa ujumla mnaijua, CIA kumpindua rais Árbenz 1954, vita vya jeshi na waasi kuanzia 1960 mpaka 1996, watu kama laki mbili wakauawa au wakapotezwa, hayo sirudii. Mimi naenda Río Negro, na nyie mlionisikia mwaka jana mtanivumilia.

Río Negro kilikuwa kijiji cha Wamaya Achi, kando ya mto Chixoy. Serikali ikataka kujenga bwawa la umeme pale, Benki ya Dunia ikakopesha hela. Wanakijiji wakaambiwa hameni, wakaenda kuangalia huko wanakopelekwa wakakuta vijumba vya ovyo na ardhi haifai, wakagoma. Tangu hapo wakaitwa waasi. Februari 1982 wakaambiwa waende kijiji jirani, Xococ, kufuata vitambulisho vyao. Vitambulisho jamani! Waliuawa karibu 70. Wanaume waliobaki wakawa wanajificha milimani, wakijua jeshi linatafuta wanaume. Machi 13 wanajeshi na mgambo wa Xococ wakatokea, wakakuta akina mama na watoto, wakawapandisha mlima mpaka Pacoxom wakaua wanawake 70 na watoto 107. Watoto 18 waliachwa hai, mgambo wakawagawana wakawe watumwa majumbani kwao, na hao mgambo ni Achi vilevile, msije mkadhani wametoka mbali.

Sasa hapa hakosi mtu wa kunyoosha mkono, mwalimu ile si ilikuwa vita, waasi nao si waliua? Waliua ndiyo. Tume ya ukweli 1999 iliwabebesha waasi asilimia 3 ya maovu yote, jeshi na watu wake asilimia 93, na katika waathirika waliotambuliwa Wamaya ni asilimia 83. Halafu mtoto wa miaka miwili ni mwasi wa nini, niambieni?

Bwawa likajaa 1983, kijiji kikafunikwa na maji, na 1985 Benki ya Dunia ikakopesha TENA.

Naonyeshwa saa. Ríos Montt, jenerali aliyetawala Guatemala 1982 mpaka 1983, basi kwa haraka: sisi tumezoea kesi za Arusha, zile za mauaji ya Rwanda, huyu alihukumiwa kwao, Mei 10, 2013, jaji Yassmín Barrios akampa miaka 80 kwa mauaji ya kimbari ya Wamaya Waixil 1,771, siku kumi tu Mahakama ya Katiba ikafuta hukumu, akafa 2018 kesi haijaisha. Sepur Zarco sijaigusa kabisa na ndiyo kesi ya utumwa wa ngono ambayo akina mama Wamaya wa Q'eqchi' walishinda 2016, afisa wa jeshi miaka 120, mwenzake 240, lakini mwenyekiti keshasimama, basi niulizeni nje.