Gitaa la Kupakata: Raha Iko Kati ya Noti na Noti

Ndugu zangu wa nyumbani, hamjambo? Karibuni tena. Leo sizungumzii viza wala kazi. Kwenye video iliyopita magitaa yangu yalionekana nyuma yangu kwa sekunde chache tu, na maswali yakamiminika. Mbona moja lina miguu kama meza? Mbona lile jingine limelazwa? Na hicho kipande cha chuma ni cha nini? Nimefurahi mno mlivyouliza, kwa sababu haya ndiyo mambo ninayoyapenda kuliko chochote kilichomo humu ndani.

Ngoja nisogeze kamera. Hapo. Mnaona vizuri?

Gitaa mnalolijua unalikumbatia, unabana uzi kwa kidole, na freti, vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, ndizo zinazoamua noti iwe ipi. Hili silikumbatii, nalipakata. Nyuzi zake zimeinuliwa juu sana na hazibanwi kabisa. Mkono wa kulia nimevaa kucha za chuma, ndizo zinazodonoa. Mkono wa kushoto nimeshika hiki kipande kizito, nakitembeza juu ya nyuzi. Watu hudhani linaitwa gitaa la chuma kwa sababu mwili wake ni chuma, lakini hili langu ni mbao tupu. Chuma chenyewe ndicho hiki cha mkononi.

Sasa sikilizeni uzi mmoja. Naudonoa nikiwa hapa, freti ya tano. Kabla haujanyamaza, nasukuma chuma polepole mpaka ya saba. Mmesikia? Noti haikuruka. Imetembea, ikapita kwenye sauti zote zilizo katikati, hata zile ambazo kinanda hakina. Mimi raha yangu iko hapo hapo, njiani. Noti ya kwanza ni nzuri, ya pili ni nzuri, lakini kinachonisisimua mwili ni ile safari, kwa sababu sauti ya mtu anayeimba au anayelia nayo inatembea hivyo hivyo. Ukimjua mpiga udi au mpiga fidla, muulize, atakuelewa mara moja.

Ila uhuru huo una masharti yake. Freti hapa ni alama za macho tu, haziushiki uzi. Chuma kinatakiwa kikae juu kabisa ya kijiti chenyewe, si nyuma yake kama tunavyoweka kidole. Kikipungua kidogo, noti iko chini. Kikizidi kidogo, iko juu, na kila mtu chumbani anasikia. Tazameni na vidole hivi viwili vinavyoburuta nyuma ya chuma, vimegusa nyuzi kwa wepesi. Kazi yake ni kuzima kelele za upande ule wa nyuma. Miezi yangu ya kwanza sikujua, gitaa likawa linavuma kama nyuki, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akipiga tangu ujana akaviweka vidole vyangu chini kwa mkono wake, bila kusema neno. Siku ile ndipo nilipoisikia sauti safi kwa mara ya kwanza.

Asili ya chombo hiki ni Hawaii. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kisiwa cha Oahu. Alianza mtindo huu akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1904 aliondoka kwao akaenda Marekani bara kupiga na kufundisha, baadaye akazunguka Ulaya kwa miaka, na akafia New Jersey mwaka 1932. Huwa namfikiria sana nikikaa na gitaa hili jioni. Mtu kaondoka kisiwani na sauti moja mkononi, na leo sauti hiyo iko dunia nzima. Nchini India mafundi kama Brij Bhushan Kabra na Vishwa Mohan Bhatt wameitumia kupiga raga, muziki wa jadi wa huko. Nchini Nigeria mwanamuziki King Sunny Adé aliiingiza kwenye mtindo wa muziki wa huko unaoitwa juju, na aliyekuwa akiipiga ni Demola Adepoju. Itafuteni hiyo, jamani, gitaa linateleza juu ya ngoma zinazozungumza!

Na jambo hili wengi hawalijui. Gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni lilikuwa la kupakata. George Beauchamp alikuwa mpigaji wa gitaa la Kihawaii, na shida yake ilikuwa moja: halisikiki ukumbini. Kwanza yeye na fundi John Dopyera wakaja na gitaa la rezoneta, lililotoka mwaka 1927, likiwa na koni nyembamba za alumini tumboni zinazokuza sauti kama spika. Halafu akageukia umeme, na mwaka 1932 likaingia sokoni lile la alumini lenye umbo la kikaango. Kwa hiyo kila gitaa la solo linalokufanya uinuke kitini lina deni kwa watu waliokuwa wamekaa na gitaa mapajani.

Hili jingine ni rezoneta. Hili nalisimamisha kama kawaida na kuvaa kichupa hiki cha kioo, kinaitwa slaidi, kwenye kidole cha mwisho. Kioo kina sauti laini, chuma kinang'aa zaidi, na shaba ni nzito. Watu wa bluzi walitumia shingo ya chupa, wengine kisu. Mpiga gitaa wa roki Duane Allman alivaa kichupa cha dawa. Kuna rekodi ya Blind Willie Johnson ya mwaka 1927 isiyo na neno hata moja, ni sauti yake ikivuma kooni na slaidi ikiifuata. Imo kwenye sahani iliyopakwa dhahabu iliyofungwa kwenye vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Ipo huko angani sasa hivi tunavyoongea.

Haya, lile lenye miguu.

Hili ni gitaa la pedali. Lina nyuzi kumi, pedali chini, na nyenzo za kusukumwa kwa magoti. Mguu wa kulia unashughulika na ukubwa wa sauti, wa kushoto unabadilisha noti. Viungo vyote vina kazi, na ukikaa hapa saa moja hufikirii kitu kingine chochote. Sogeeni niwaonyeshe jambo moja tu. Nadonoa uzi wa tatu, wa nne na wa tano, noti zake ni G♯, E, B. Zinapatana, zimetulia. Sasa zikiwa bado zinalia, nakanyaga pedali mbili za kwanza taratibu. Wa tano unapanda kutoka B hadi C♯, wa tatu kutoka G♯ hadi A, na wa nne haujasogea, umebaki pale pale kwenye E. Mikono yangu haikufanya kitu! Sauti mbili zimepanda zikiwa zimeegemea moja iliyosimama, na ndipo panapotoka kile kilio mnachokisikia kwenye muziki wa kantri. Mpigaji Bud Isaacs alifanya hivyo kwenye wimbo wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce uliotamba mwaka 1954, na wapigaji wengine wakakimbilia kufunga pedali kwenye magitaa yao. Mimi ningekimbia pia.

Kuna dada ameuliza kama lazima awe na chombo maalumu. Hapana, dada yangu. Chukua gitaa lolote. Kuanzia uzi mnene: E ishushe iwe D, A iache, D iache, G ishushe iwe F♯, B iwe A, na E nyembamba iwe D. Kote unalegeza tu, hutakata uzi. Ukizipiga zote bila kushika chochote, tayari unasikia D kamili. Vaa kichupa cha kioo kidoleni, gusa tu bila kubana, juu ya freti ya tano ni G, ya saba ni A, na ya kumi na mbili umerudi D. Nyimbo ngapi ziko ndani ya hizo tatu! Anza na uzi mmoja, wimbo unaoujua tangu utotoni, na uufuate kwa sikio, si kwa macho.

Mkijaribu, nitumieni video, hata kama ni noti mbili. Nazitaka kweli. Mimi spika yangu imeshapata moto, chuma kiko mkononi. Nianze na huu uzi wa kwanza, polepole, kutoka ya tano kwenda ya saba.