Taa Tatu za Kiwere: Mkulima Hukubali Kifaa cha Aina Gani?

Ndugu zangu maafisa ugani, nanyi vijana mnaosomea kilimo,

Tukitaja kilimo cha usahihi, yaani kulipa shamba kile hasa linachohitaji, wengi huwaza droni na trekta zinazoongozwa na setilaiti. Leo nawapeleka skimu ya umwagiliaji ya Kiwere, mkoani Iringa. Kuanzia 2013, mradi uliofadhiliwa na ACIAR, taasisi ya serikali ya Australia, uliwapelekea wakulima wadogo kifaa kiitwacho Chameleon, kilichobuniwa na watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa kisayansi la Australia. Vihisi vyake, yaani vipima unyevu wa udongo, hufukiwa kwenye vina tofauti penye mizizi. Ukiunganisha kisomaji, taa zinawaka: buluu maana yake udongo umelowa; kijani, unyevu unatosha; nyekundu, umekauka. Hakuna tarakimu za kufasiri.

Hapa naomba tutulie kidogo. Mkulima wa mfereji zamu yake ikifika hufungulia maji hata kama shamba halina kiu, kwa kuhofia zamu ijayo. Juu udongo umepasuka kwa jua, chini mizizi imo majini. Maji ya ziada yanazama na nitreti, yaani ile mbolea aliyoinunua kwa jasho lake. Mahindi yanakuwa manjano, naye anadhani ni kiu, anaongeza maji! Taa ya buluu ilipomwonyesha hali ya chini, aliweza kuiacha zamu ipite na kujionea mwenyewe kwamba mahindi hayanyauki. Wengi wakapunguza kumwagilia, mavuno yakapanda, na muda wa kushinda mferejini ukaokolewa. Muda huo tunausahau sana katika hesabu zetu za tija, nami naona tunakosea. Mama mwenye watoto na biashara sokoni anajua thamani yake kuliko sisi.

Wala si kila mkulima aliyepewa kifaa. Majirani walijifunza kwa kutazama shamba la mwenzao na kuuliza.

Lakini taa peke yake isingetosha. Mavuno yakiongezeka bila mnunuzi, kihisi kitaishia stoo. Ndiyo maana mradi uliunda majukwaa ambako wakulima walikaa pamoja na maafisa wa serikali, wauza pembejeo na wanunuzi, wakazungumzia masoko, bei za mbolea na usafishaji wa mifereji. Vikao vya namna hiyo, ndugu zangu, mnaweza kuviitisha hata kabla kihisi cha kwanza hakijafika kijijini.