Shikilia, Achia: Faraji Ajaribu Evoker

REHEMA: Haya, karibuni tena. Mimi Rehema, mwenzangu Faraji yupo hapa, na leo kaja na pembe kichwani.

FARAJI: Pembe na mabawa, dada. Nimeingia World of Warcraft, ile gemu ya mtandaoni, na Evoker, klasi ya joka, yaani aina ya mhusika unayemchagua.

REHEMA: Wewe? Mtu wa Warrior, ngao mkononi, unapigwa na bosi, yule adui mkubwa, huku unacheka? Nini kimekutoa huko?

FARAJI: Kikosi chetu kina matanki, wale wa kukaa mbele na kupigwa, mpaka ya kugawa. Halafu hii gemu haitoi klasi mpya ovyo. Ilizinduliwa Novemba 2004 na klasi 9. Tangu hapo zimeongezeka 4 tu: Death Knight mwaka 2008, Monk 2012, Demon Hunter 2016, halafu Evoker mwishoni mwa 2022, na toleo la nyongeza la Dragonflight. Sasa kitu kinachokuja kwa nadra hivyo, mtu unataka kukishika mwenyewe.

REHEMA: Na Evoker lazima uwe Dracthyr.

FARAJI: Lazima. Nusu mtu, nusu joka, wamelala maelfu ya miaka, wakaamka wakakuta dunia imeshabadilika. Hadithi yao sitaki kukaa nayo sana, asilimia kubwa ya watu wanairuka. Mimi kilichonishika ni vidole.

REHEMA: Fafanua.

FARAJI: Klasi nilizozizoea, unabonyeza, pigo linatoka. Uchawi mrefu kidogo, unasubiri mstari ujae, basi. Evoker ana kitu kinaitwa Empower. Unabonyeza kitufe na kukishikilia, mstari unapanda kwa hatua. Hatua 3, na ukiwekeza talanta zinafika 4. Unapoachia ndipo uchawi unatoka, na unatoka kwa kiasi cha hatua uliyofika.

REHEMA: Kwa hiyo shikilia mpaka mwisho, achia. Kuna ugumu gani hapo?

FARAJI: Hapo ndipo walipotega! Chukua uchawi wa Fire Breath. Ukiachia mapema, moto wa papo hapo ni mdogo lakini adui anabaki akiungua kwa muda mrefu. Ukishikilia mpaka juu, sehemu kubwa ya maumivu inaingia palepale, kuungua kunakuwa kufupi. Bosi mwenye damu nyingi na vijidudu vinavyokufa haraka, hawataki kitu kimoja. Eternity Surge nayo, kila hatua inakuongezea idadi ya maadui unaowafikia. Adui akiwa mmoja, unashikilia kwa ajili ya nani?

REHEMA: Sawa, hapo nimekupata. Ila nikuulize swali la watu wa huku. Seva zetu ziko Ulaya. Kitu cha kushikilia na kuachia kwa wakati, pingi, yaani muda wa amri kwenda kwenye seva na kurudi, ikoje?

FARAJI: Hapa Dar siku njema naona milisekunde 180. Siku mbaya sisemi.

REHEMA: Sema tu. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini huko upande wa Afrika Kusini, mimi nilimtibu mtu aliyekwisha kufa zamani. Kwenye skrini yangu bado anakimbia.

FARAJI: (anacheka) Mungu amrehemu. Sasa sikiliza, hii ni kwa yeyote anayecheza kutoka mbali. Kwenye mipangilio ya gemu unaweza kubadili namna ya kutumia Empower. Badala ya kushikilia na kuachia, unabonyeza mara moja kuanza, unabonyeza tena kutoa. Kwangu ilibadilisha kila kitu. Kidole hakichoki, halafu nabonyeza mara ya pili mapema kidogo kwa sababu najua amri ina safari ya kwenda.

REHEMA: Na ile ya foleni ya uchawi? Maana kuna watu wanashauri uipunguze.

FARAJI: Wanaoshauri hivyo wanaishi jirani na seva! Gemu yenyewe imekuwekea milisekunde 400. Maana yake, ukibonyeza uchawi unaofuata kabla huu wa sasa haujaisha, ndani ya muda huo, gemu inaupanga uje nyuma yake bila pengo. Mtu wa pingi 20 akiipunguza, hana hasara. Sisi tukiipunguza mpaka 100, amri yetu bado iko njiani nafasi imeshapita. Iacheni ilivyo, jamani.

REHEMA: Kilichokuudhi?

FARAJI: Umbali. Mage, yule mchawi, anapiga akiwa yadi 40, anakunywa chai huko nyuma. Evoker ni yadi 25. Hauko mbele na tanki, hauko nyuma na wenzako, uko katikati, na kila takataka inayodondoka chini inadondoka hapo ulipo. Wamekupa Hover, unaelea na unaweza kutoa uchawi huku unasogea, lakini ukiitumia kizembe, ikihitajika haipo.

REHEMA: Kwangu mimi mtu wa Priest, mponyaji, huo umbali ndio uliniudhi zaidi. Maana Preservation niliwahi kuijaribu, upande wa uponyaji. Mwenzako kaumia kule pembeni, unamuona, lakini humfikii. Inabidi wewe umfuate mgonjwa.

FARAJI: Lakini uchawi wa Rewind je?

REHEMA: Ah, Rewind ninaiheshimu. Kikosi kizima kimepigwa pigo zito, unabonyeza, sehemu ya maumivu ya sekunde 5 zilizopita inarudishwa. Shida yake ni kwamba lazima ujue pigo linakuja lini. Ukichelewa, zile sekunde zimeshapita, unarudisha upepo. Ndiyo maana nasema hii klasi si ya mtu ambaye hajawahi kuona pambano. Na Rescue! Unaruka, unambeba mwenzako, unamtua pengine.

FARAJI: Mmoja kwenye kikosi chetu anabeba watu bila idhini.

REHEMA: Huyo afukuzwe.

FARAJI: Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Augmentation.

REHEMA: Haya, anza wewe.

FARAJI: Julai 2023 waliongeza upande wa tatu. Huu kazi yake kubwa ni kuwaongezea nguvu wenzako. Uchawi wa Ebon Might unawapa walio karibu, inadumu sekunde 10, na unapopiga mapigo fulani unaurefusha muda wake. Ni kama mpishi wa shughuli: wageni wanasifia biriani, yeye yuko nyuma ya nyumba macho mekundu kwa moshi.

REHEMA: Ndiyo tatizo lenyewe. Ukifungua programu ya kuhesabu mapigo, mtu unamkuta chini ya orodha. Kiongozi asiyejua anamtoa kikosini.

FARAJI: Ndiyo maana Blizzard, wenye gemu, waliweka kwenye kumbukumbu za pambano alama ya kuonyesha pigo hili sehemu yake imetoka kwa nani.

REHEMA: Alama ipo, je, watu wanasoma? Halafu mwanzoni ilikuwa na nguvu mno, mapango magumu ya watu 5 ukikosa Augmentation unaonekana hujajipanga. Wakaipunguza, wakaipunguza tena. Klasi ambayo thamani yake iko ndani ya namba za wengine, ni ngumu kuipima. Mimi sijashawishika kwamba walipaswa kuileta.

FARAJI: Na mimi nakwambia ndiyo iliyonibakiza. Nikiwa tanki nilikuwa naangalia bosi tu. Sasa hivi najua Mage wetu anatoa pigo lake kubwa lini, na Hunter wetu lini, kwa sababu nisipojua, Ebon Might yangu inaangukia sekunde ambazo wao wanakimbia kukwepa moto. Watu niliocheza nao muda wote huo, sikuwa najua wanafanya nini!

REHEMA: Hapo umeniweza kidogo. Kidogo tu. Kwa mtu anayeanza, unamshauri aanzie wapi?

FARAJI: Devastation, upande wa mashambulizi, bila mjadala. Uchawi wa rangi 2 tu, nyekundu na bluu, na Essence, nishati ya kutolea uchawi, 5 za kuhesabu. Disintegrate inakufundisha kutulia, Fire Breath inakufundisha kuchagua. Mikono ikizoea ndipo aende kwingine.

REHEMA: Na mimi nasema kama ana moyo wa uponyaji aende moja kwa moja Preservation, vidole vitazoea hukohuko. Kwa hiyo Ijumaa usiku unakuja na joka?

FARAJI: Nakuja na joka.

REHEMA: Tanki nani sasa?

FARAJI: Si nimesema yako ya kugawa?

REHEMA: Haya. Ila ukinibeba bila kuniuliza, kaka, nakuacha ufe.