Gari yako haijazeeka, ni maji unayoitilia

Haya, mlioko nyuma sogeeni mbele. Hili nshalisema Kongowea, nshalisema Magongo, na leo nalirudia maana juzi tu kuna kijana mtaani kwetu kauza Toyota 110 yake kwa bei ya kutupa, akaingia mkopo wa sako miaka mitatu ili anunue "mpya." Mpya gani jamani? Sheria yetu ya Kenya inaruhusu mtumba usiozidi miaka minane, na wengi wetu twaagiza ya mwaka wa saba maana ndio mfuko unaweza, imekanyaga Japani miaka yote hiyo, ikishuka bandarini Kilindini ikapigwa namba mpya basi watu wanapiga vigelegele. Umeacha kuukuu yako unayoijua kila nati ukaenda kununua kuukuu ya mtu usiyemjua!

Na ile 110 ilikuwa na kosa gani? Inachemsha. Basi. Akifika foleni ya daraja la Nyali mshale unapanda. Nikamuuliza, mwanangu, rejeta unatia maji gani? Akanambia ya kisima, ya pale nyumbani. Sasa nyinyi nyote mnayajua maji ya visima vyetu, chai ukiipika waisikia chumvi, na birika ndani linafanya ukoko mweupe. Ukoko ule ule ndio unaoziba vijibomba vya rejeta, na ile chumvi inatafuna silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwa sababu ni ya aluminiamu, inalika pale pale gasketi inapokaa. Halafu anakuja fundi, atoa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, atupa, eti joto la Mombasa haliitaki. Si kweli! Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto wake, petroli inakwenda zaidi, na rejeta iliyoziba imebaki imeziba vile vile. Tia kulanti, ile dawa ya rejeta, na kama ni ya kuchanganya, changanya na maji ya betri, yale masafi ya chupa si asidi, kila miaka miwili mwaga tia nyingine.

Mtanambia spea ghali. Ghali kuliko marejesho ya miezi 36? Rejeta, pampu ya maji na hosi zote, nunua kisha uniletee hesabu tulinganishe. Mwenye kuniambia ana watoto na anataka gari yenye mifuko ya hewa, huyo namkubalia, sibishani naye. Na inayotoa moshi wa buluu inakula oili, hiyo ni kesi nyingine.

Kutu nilitaka kuisema kwa urefu lakini adhana iko karibu, basi mkiosha gari osheni na chini, kwa maji matamu, hasa nyinyi wa Likoni na Nyali mnaolala na upepo wa bahari. Tairi, someni zile nambari nne za mwisho ubavuni, wiki na mwaka iliotengenezwa, msinunue kwa kuangalia meno tu.

Waliokuja na gari tukutane pale nje baada ya swala, tufungue boneti moja moja. Kifuniko cha rejeta asikiguse mtu mpaka injini ipoe.