Intaneti Ipo, Majina Hayajibiwi: Kutafuta Tatizo la DNS kwenye Ruta ya Ofisi Ndogo

Ndugu zangu, habari za mchana. Nimefurahi kuona wenye ofisi na mafundi wamekaa safu moja, maana jambo la leo linawahusu wote. Ruta ina mambo mengi. Mimi nitakaa kwenye moja tu, DNS, yaani huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba, kwa sababu ndilo ninaloliona likiwatoa watu fedha mfukoni bila wao kujua.

Kuna ofisi moja ya uwakala wa forodha huko Kurasini, karibu na bandari ya Dar es Salaam. Watu tisa, kompyuta tisa, printa mbili, ruta moja juu ya kabati. Mwenye ofisi alinipokea mlangoni akasema, "Fundi, mtandao ni mzito. Nimepandisha kifurushi mara mbili, na bado." Nikamwuliza uzito wenyewe ukoje. Akanieleza: ukibonyeza ukurasa, unazunguka, unazunguka, halafu ghafla unafunguka wote. Ukishafunguka, hata video inakwenda bila kukwama. WhatsApp haina shida. Kipimo cha kasi kinasoma vizuri kabisa.

Hapo mgonjwa ameshautaja ugonjwa kwa mdomo wake. Njia ingekuwa nyembamba, video ingekwama. Lakini video haikwami. Kinachochelewa ni kuanza. Na WhatsApp inaendelea kwa sababu mazungumzo yake yanapita kwenye muunganiko uliokwisha kufunguliwa, haihitaji kuuliza jina upya kila ujumbe unapotumwa. Kitu pekee kinachokwama ni kule kuuliza: tovuti hii inakaa wapi?

Nilichokikuta ni hiki. Miezi kadhaa nyuma walikuwa wamehama kutoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine wa faiba. Ruta ilikuwa yao wenyewe, kwa hiyo ilibaki ile ile. Fundi aliyewahamisha alibadili yote yaliyohitajika ili waya mpya ushike, lakini anwani mbili za DNS zilizoandikwa kwa mkono miaka ya nyuma akaziacha. Ya kwanza ilikuwa ya mtoa huduma wa zamani. Ya pili ilikuwa 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google inayomjibu yeyote.

Sasa niwaeleze kwa nini hilo linatosha kuitesa ofisi nzima.

Ukienda mtaa usioujua kumtafuta mtu, na huna namba ya nyumba, unamwendea balozi wa nyumba kumi. Unamtajia jina, anakuonyesha nyumba. Kama mtu huyo si wa eneo lake, balozi anakuulizia kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anaelekeza mtaa mwingine, mpaka nyumba inapatikana. DNS inafanya kazi hiyo. Kompyuta zinafikiana kwa namba, sisi tunakumbuka majina, na lazima awepo wa kutafsiri. Ukiandika bot.go.tz, seva ya DNS uliyopangiwa inaanzia juu kabisa, kwa seva za mzizi zenye majina 13, kutoka A hadi M. Hizo zinasema: waulize wa .tz. Wa .tz wanaelekeza mbele, mpaka anafikiwa anayeijua namba ya tovuti ya Benki Kuu yenyewe. Jibu likishapatikana linawekwa kwenye kumbukumbu kwa muda maalumu unaohesabiwa kwa sekunde, 3600 kwa saa moja, 86400 kwa siku nzima, ili anayekuja kuuliza baadaye asizungushwe tena.

Zamani haikuwa hivi. Majina yote ya kompyuta za mtandao wa kwanza wa Marekani yaliandikwa kwenye faili moja, lililotunzwa na kituo cha Stanford Research Institute huko California, na kila mwenye kompyuta alilinakili. Mtandao ukakua, faili likalemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika mpango wa kuigawa kazi hiyo kwa ngazi, na mpango huo, baada ya kurekebishwa mwaka 1987, ndio tunaoutumia mpaka leo mnaponisikiliza.

Turudi Kurasini. Ofisi ile ilikuwa imehama mtaa, lakini kila asubuhi ilirudi kumwuliza balozi wa mtaa wa zamani. Naye hakujibu, na sioni kosa lake. Watoa huduma wengi huweka seva zao za DNS kwa ajili ya wateja wao tu, kwa kuwa seva inayomjibu kila aulizaye duniani hugeuzwa na wahalifu kuwa silaha ya kuwafurikia watu wengine kwa majibu wasiyoyaomba. Kwa hiyo kompyuta inauliza, inasubiri sekunde moja, mbili, wakati mwingine tano, inakata tamaa, ndipo inamgeukia 8.8.8.8 naye anajibu mara moja. Ukurasa mmoja wa gazeti unaweza kuita majina ishirini na zaidi: picha zinatoka kwingine, matangazo kwingine, aina ya herufi kwingine. Zidisha kusubiri huko. Kifurushi hata ukipandishe mara kumi, balozi wa zamani hatajibu. Yule bwana alilipia kasi ambayo hakuihitaji, mwezi baada ya mwezi, na fundi aliyekuwa akiitwa alikuwa akizima ruta na kuiwasha, anapokea nauli yake, anaondoka. Hilo linaniuma kuliko hitilafu yenyewe.

Kwa hiyo mafundi, nawasihi: ukifika kwa mteja usianze na ruta. Kuizima na kuiwasha kunafuta ushahidi. Na kile kitufe cha kuchoma kwa pini, kinachorudisha mipangilio ya kiwandani, ni kibaya zaidi. Kinaweza kufuta jina na nywila za kujiunga na mtoa huduma, na mwenye ofisi hana nakala, na leo ni Jumamosi.

Kaa kwenye kompyuta yenye tatizo. Kama ni Windows, fungua lile dirisha jeusi la amri uandike ipconfig /all. Ikiwa anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, simama hapo hapo. Kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta, imejitungia, na shida iko kwenye waya, waifai, au DHCP, yaani kazi ya ruta ya kugawa anwani. DNS haijafikiwa bado. Ikiwa anwani ni ya kawaida, shusha macho mpaka kwenye seva za DNS na unakili kilichopo kwenye daftari, kabla hujagusa chochote.

Kisha piga ping, yaani amri ya kubisha hodi kwa namba uone kama inajibu, kwa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikijibu, piga ping kwa namba ya nje, 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Hapa ndipo njia panda. Namba za nje zote zikinyamaza, yaelekea njia yenyewe imekatika, na kubadili DNS hakutaleta kitu. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchini. Siku zile nilikuta vijana wakihangaika kubadili DNS kwenye ruta za wateja, wakiweka hii, wakitoa ile. Njia iliporudi, baadhi ya ofisi hizo zikabaki na tatizo jipya ambalo hawakuwa nalo kabla.

Lakini namba ya nje ikijibu, na tovuti hazifunguki, sasa una haki ya kumshuku DNS. Andika nslookup bot.go.tz, amri ya kumwuliza seva ya DNS namba ya jina hilo. Watu hukimbilia mistari ya chini kuona kama namba imepatikana. Mimi nawaomba msome kwanza mistari miwili ya juu, maana pale amri inataja imemwuliza nani. Mara nyingi jibu la kazi nzima liko pale. Ulitegemea uone anwani ya ruta, unaona namba usiyoijua. Basi kuna mtu aliiandika kwa mkono kwenye kompyuta hiyo, akasahau.

Halafu muulize mwingine swali lile lile: nslookup bot.go.tz 8.8.8.8. Wa kwanza akinyamaza na huyu akajibu, umekwisha kumpata mkosaji, ama ruta, ama seva iliyoandikwa ndani ya ruta. Wote wakinyamaza na ping inapita, kuna kitu kinazuia mlango namba 53 ambao maswali ya DNS hupitia. Kagua kinga ya ruta na ya kompyuta. Na ikitokea nslookup inajibu vizuri lakini kivinjari bado kinakataa, usichanganyikiwe. Amri hiyo haitazami kumbukumbu ya majibu ya Windows, inakwenda moja kwa moja kwa seva. Kivinjari huweza kuwa kimeshikilia jibu la jana. Andika ipconfig /flushdns kufuta kumbukumbu hiyo, kifunge kivinjari, ukifungue tena. Angalia pia mipangilio ya kivinjari chenyewe, kwani vya siku hizi vinaweza kutumia DNS yao iliyosimbwa bila kuiuliza ruta kabisa.

Sasa ndio uingie kwenye ruta. Kuna sehemu mbili za DNS humo, na wengi wanaijua moja. Sehemu ya kwanza iko upande wa nje, panapoingia waya wa mtoa huduma: hapo ndipo ruta yenyewe inaambiwa imwulize nani. Ya pili iko upande wa ndani, kwenye DHCP: hapo ruta inaambiwa iwatajie kompyuta nani wa kumwuliza. Unaweza kurekebisha ya nje vizuri kabisa, ukarudi kwenye kiti, ukakuta hakuna kilichobadilika, kwa sababu ya ndani bado inagawa namba iliyokufa. Kurasini ndivyo ilivyokuwa. Niliondoa namba ya zamani sehemu zote mbili. Na hata baada ya hapo kompyuta hazikupona papo hapo. Zilikuwa bado zimeshika mkataba wao wa DHCP, yaani muda zilioazimwa anwani na mipangilio yake, ambao kwenye ruta nyingi ni wa saa 24. Ikabidi nipite mezani kwa kila mmoja na ipconfig /renew, amri ya kuomba mkataba upya. Saa nne asubuhi nilianza, saa tano na robo kurasa zilikuwa zinafunguka kabla mtu hajaondoa kidole.

Jambo moja linapotosha watu sana: ile namba ya pili ya DNS. Wanaichukulia kama tairi la spea, kwamba haiguswi mpaka la kwanza lipasuke. Sivyo. Kompyuta inaweza kuigeukia ya pili kwa kuchelewa kidogo tu kwa ya kwanza, ikabaki nayo. Kwa ofisi yenye seva yake ya ndani inayojua majina ya mafaili na printa, hili ni kubwa. Ukiweka seva yako kuwa ya kwanza na 8.8.8.8 kuwa ya pili, siku moja kompyuta itamwuliza Google printa ya uhasibu iko wapi, na Google haiijui. Hapo kompyuta zote zimwulize wa ndani tu, na wa ndani ndiye aulize nje.

Nimalizie kwa lile linalonitisha. Anayejibu majina ndiye anayekuonyesha nyumba. Akitaka kukupeleka kwa mwizi, atakupeleka, na utabisha hodi kwa heshima. Mwezi Novemba 2011 FBI ya Marekani ilitangaza kukamatwa kwa raia sita wa Estonia kwa programu haribifu iliyoitwa DNSChanger. Ilibadili mipangilio ya DNS kwenye kompyuta takriban milioni 4 katika nchi zipatazo 100, ikawapeleka watu walikotaka wahalifu. Na haikuishia kwenye kompyuta. Ilijaribu kuingia kwenye ruta kwa nywila za kiwandani, zile za admin na admin. Seva za muda zilizowekwa kuwasaidia walioathirika zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, na waliokuwa hawajasafisha mashine zao majina yakaacha kujibiwa. Ruta yenye nywila ya kiwandani haijafungwa, imeegeshwa tu. Ibadilishe leo, funga pia mlango wa kuisimamia kutoka nje, na kila unapokwenda kwa mteja soma namba za DNS zilizomo. Ukikuta usiyoitambua, usiifute kabla ya kuuliza nani aliiweka na lini.

Dada hapa mbele anauliza: ruta ya mtoa huduma imefungwa, hairuhusu kubadili DNS, afanyeje? Mpigie mtoa huduma kwanza, umpe matokeo ya vipimo vyako viwili vya nslookup. Ukiwa nayo mkononi hawatakwambia uzime na kuwasha. Ukishindwa, weka ruta yako nyuma ya ile yao, kompyuta zote zishike kwako. Kuandika DNS kwa mkono kwenye kila kompyuta ndiyo njia nisiyoipenda kuliko zote, na ukilazimika, andika tarehe na namba kwenye karatasi uibandike chini ya ruta. Pale Kurasini karatasi hiyo ipo mpaka leo.

Sasa fungueni kompyuta zenu, jiungeni na waifai ya ukumbi. Andikeni nslookup bot.go.tz, msome mstari wa pili. Ruta ya hapa ni 192.168.1.1. Atakayeona namba nyingine anyooshe mkono, nitaanza na yeye.