Cheni Ikiwa Nje ya Msumeno: Kuishika Kwanza, Kuinoa Baadaye

Mafundi wenzangu, na nyote mliofika, hamjambo.

Tunazungumzia cheni ya msumeno wa injini, lakini iliyokwisha kuvuliwa. Msumeno wenyewe umebaki Likoni unapasua minazi kwa cheni ya akiba. Hizi tatu butu zimeletwa nyumbani ndani ya gunia. Tupa za kunolea mnazo, jiliwa la kubania mnalo. Kinachowashinda wengi ni kuishika. Kwenye msumeno, baa, ule upanga wa chuma ambao cheni huuzunguka, huibeba cheni na mkazo huituliza. Ikishavuliwa hulegea kila kiungo, na jino linalokwepa tupa halipati pembe hata mkono wako uwe hodari vipi.

Ioshe kwanza. Iloweke kwenye mafuta ya taa, isugue kwa brashi, ikaushe kwa kitambaa. Mnazi uliolala ufuoni una mchanga hadi ndani ya nyuzi za gome, na mchanga huo huua tupa kabla haijagusa chuma safi.

Kisha ijue cheni yako. Pima kutoka katikati ya ribiti moja, ile pini inayounganisha viungo, hadi katikati ya ribiti ya tatu, ugawe kwa mbili. Ukipata karibu milimita 8.25, tupa yake ya duara ni ya milimita 4.8. Ukipata 9.5, tazama umbo: cheni ya kimo kifupi ya misumeno midogo hutaka tupa ya milimita 4.0, na ile nene ya misumeno mikubwa hutaka 5.2. Hapa ndipo watu hukosea, kwa kuwa kipimo ni kimoja na tupa ni mbili. Tupa nyembamba kupita kiasi huchimba chini ya jino na kuacha ncha dhaifu; nene mno hukuachia jino lisilo na makali.

Sasa kuishika. Chukua vipande viwili vya mbao ngumu, virefu kama midomo ya jiliwa. Weka katikati yake zile ndimi za chini zinazopita kwenye mfereji wa baa, kaza, na uache meno yakae juu kidogo tu ya mbao. Utanoa meno manne au matano, kisha utalegeza na kusogeza. Ukiwa na baa kuukuu iliyonyooka, ni bora zaidi: ibane kwenye jiliwa, ivishe cheni, na upige kabari ya mbao nyuma yake hadi cheni ikaze. Ila hakikisha mfereji haujapanuka. Mfereji mpana huacha cheni ilale upande, nawe utanoa ulalo huo bila kujua.

Juu ya mbao, chora mistari ya penseli ya digrii 30. Pimeni kutoka mstari unaokata cheni msalaba. Anayepima kutoka urefu wa cheni hupata jino lililochongoka kama mkuki, ambalo hukata vizuri dakika chache tu.

Tia alama ya chokaa kwenye jino la kuanzia. Tafuta jino fupi kuliko yote, maana hilo ndilo kipimo cha mengine. Tupa ilale sawa na mstari, sehemu moja ya tano ya unene wake ikitokeza juu ya jino. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, inua, rudi bila kugusa. Kuvuta tupa nyuma huzima makali yake. Misukumo miwili au mitatu yatosha. Jino lililogonga jiwe linahitaji zaidi, mpaka ile rangi nyeupe inayong'aa ukingoni itoweke. Mng'ao huo ni ubutu.

Maliza meno yote ya upande mmoja, ndipo ugeuze cheni. Mkono wa kulia hukandamiza kuliko wa kushoto, na meno ya upande mmoja yakiwa mafupi msumeno utakata kwa kupinda. Pimeni urefu wa meno kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili; macho hudanganya.

Nundu iliyo mbele ya kila jino huamua jino litakula mti kwa kina gani. Iwe chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Tumia kibati cha kupimia na tupa bapa, kisha uviringishe ukingo wake wa mbele. Ikiachwa juu, cheni yenye makali hutoa unga badala ya vipande. Ikishushwa mno, msumeno hurukia uso wa anayeushika, na hapo sisemi kwa utani.

Grainda sishauri kwa mkono usiozoea: chuma kikigeuka buluu kimeshapoteza ugumu wake, na jino halitashika makali tena.

Ukimaliza kuinoa cheni, suuza vumbi la chuma, itumbukize kwenye oili, na uifunge ndani ya kopo. Ikiachwa wazi msimu wa kusi, hewa ya chumvi huanza kuila kwenye ribiti, na kiungo kilichokakamaa kwa kutu hakilegei vizuri kwa mafuta peke yake.