Robo Saa ya Kwanza ya Mvua

Mazungumzo na madereva wa bodaboda wa Kimara, wiki moja kabla ya masika

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Dada zangu wawili mliokaa pale dirishani, karibuni sana. Nawashukuru kwa kuacha vijiwe saa hizi, maana najua huu ndio muda wa abiria na kila dakika mnayokaa humu ndani ina bei yake.

Nimeendesha bodaboda miaka saba kabla sijashika spana. Wengi wenu mnanifahamu kwa ufundi. Kila masika najua mapema nitaletewa nini: usukani uliopinda, shokapu ya mbele inayovuja, kanyagio la breki limekunjwa hadi kwenye injini. Mara nyingi pikipiki inaletwa na mtu mwingine. Mwenyewe yuko MOI, hospitali ya mifupa pale Muhimbili, mguu umetundikwa.

Huwa nawauliza wanaozileta, alianguka mvua ikiwaje? Jibu ninalolisikia sana ni moja: ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Si ile ya kumwaga. Manyunyu.

Sikilizeni kwa nini. Kiangazi chote Barabara ya Morogoro inadondoshewa oili na dizeli na malori, inapakwa unga wa matairi, juu yake vumbi. Kukiwa kukavu vitu hivyo vimelala tu. Manyunyu yakishuka, maji hayatoshi kuvisomba, yanatosha kuvikoroga. Hapo lami inakuwa mlenda. Mvua ikikaza kama robo saa hivi, ule mlenda unateremka mtaroni na barabara inakuwa afadhali. Haitakuwa kama kavu, lakini ni afadhali. Sasa tazameni sisi tunavyofanya: manyunyu yakianza tunaongeza mwendo, eti tuwahi kabla haijakolea, halafu ikikolea ndiyo tunasimama. Tunakimbia kwenye mlenda, tunapumzika lami inaposafishika!

Ombi langu kubwa leo ni hiyo robo saa. Manyunyu yakianza, sogea kwenye kibanda au kituo cha mafuta, mwambie abiria, "Mama, tusubiri kidogo, barabara inateleza." Atakayekataa, mhesabu kuwa ni mmoja tu kati ya wengi. Mvua ikiwa haikazi, manyunyu yanaendelea tu, basi ukiondoka ondoka polepole, maana mlenda bado upo.

Nayasema haya kwa sababu nilishamwangusha mama wa watu. Ilikuwa Aprili 2014, nateremka Kigogo, manyunyu yameanza. Amepakata kikapu cha nyanya. Mbele kuna kivuko cha pundamilia, mtoto wa shule akaingia barabarani. Nikakanyaga breki ya nyuma peke yake, kwa sababu ile ya mbele nilikuwa nimeilegeza kwa mkono wangu. Niliambiwa kijiweni kwamba breki ya mbele inapindua, nikaamini. Tairi la nyuma likajifunga juu ya ile rangi nyeupe, pikipiki ikalala ubavu. Mtoto hakuguswa. Mama alivunjika mkono wa kulia, naye alikuwa fundi cherehani. Nakumbuka nyanya zikiserereka na maji kuelekea mtaroni, na yule mtoto wa shule anazikimbilia kuziokota moja moja, anazirudisha kwenye kikapu. Nilikwenda kumwona yule mama kila Jumapili, na kila Jumapili nilikuta cherehani imefunikwa kanga.

Kwa hiyo breki ya mbele tuizungumze kwa utulivu. Ukifunga breki, uzito unakuja mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi. Kutegemea ya nyuma peke yake ni kumtuma mtoto kazi ya mtu mzima. Tumia zote mbili, ya mbele uiminye taratibu kama unavyokamua tui, usiikwapue. Na ufunge breki pikipiki ikiwa wima, kabla ya kona, si katikati ya kona ukiwa umeilaza. Rangi za barabarani, mifuniko ya chuma na reli, vyote hivyo vikilowa vinateleza kuliko lami. Reli ivuke kwa kuikata sawasawa, usiiendee kwa ubavu.

Tena breki zetu nyingi ni za ngoma. Ukipita dimbwi, maji yanaingia ndani na breki inakuwa haishiki. Ukitoka tu kwenye maji, tembea pole huku umezigusa kidogo breki hadi zipate joto zikauke. Usisubiri kugundua hazishiki ukiwa nyuma ya basi la mwendokasi. Na ukiwa nyuma ya gari lolote, ile nafasi ya sekunde mbili ya kiangazi ifanye nne. Gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu. Ukifika kwenye nguzo kabla ya nne, umelisogelea mno.

Tairi. Hapa nitawakera. Tairi kipara kiangazi linakudanganya, linashika vizuri kabisa. Kwenye maji ndipo utajua kazi ya kashata: zile njia ndizo zinazosukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Zikiisha, unaelea. Kuna wanaopunguza upepo mvua ikianza ili tairi lishike. Kwenye tope zito hilo lina maana yake. Kwenye lami ni hatari, tairi legevu linashindwa kuyakata maji. Jaza upepo kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Na mkiosha, mkatazeni kijana wa kuosha asiyapake matairi dizeli yang'ae. Nimeona mtu ametoka kuosha akaanguka kona ya kwanza, na mvua haikuwapo siku hiyo.

Mnyororo nao mvua inaula haraka, kutu na mchanga pamoja. Ile oili chafu mnayoomba kwangu sitaitoa tena kwa kazi hiyo. Ina unga wa chuma, inasaga sproketi, na ukiimwaga nyingi inarukia tairi la nyuma. Tumia oili ya gia, jioni ukishaegesha na mnyororo bado una joto, kisha futa inayozidi.

Kuhusu kuvuka maji, tuanze na Jangwani, maana kila mwaka Mto Msimbazi unajaa na kila mwaka kuna anayejaribu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa hayakuonyeshi chemba iliyoibiwa mfuniko. Yakiwa yanakwenda kwa kasi, yakikufika magotini yanakuondoa wewe na pikipiki. Rudi. Zunguka. Na pikipiki ikizimika ndani ya maji, nawasihi msipige kiki. Maji yakishaingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, unaweza kuiharibu injini kwa mguu wako mwenyewe. Isukume hadi pakavu, toa plagi, kisha ndipo upige kiki taratibu maji yatoke. Fungua kabureta imwage, angalia hewa klina kama imelowa. Halafu tazama oili. Ikiwa nyeupe kama uji, hiyo imeingia maji, imwage hapo hapo. Usiiendeshe hata hadi kwangu.

Abiria wa mvua ana mambo yake. Anavuta kanga ajifunike, au anafungua mwavuli. Mwavuli mkatalie kwa adabu, upepo ukiushika unakuvuta na wewe. Kanga, dira na buibui hakikisheni vimekusanywa mapajani kabla hamjaondoka. Pindo likiingia kwenye spoku, mtu anavutwa kutoka kitini. Nimewahi kukata kanga ya mama kwa wembe kwenye gurudumu, yeye amekaa chini ananitazama anatetemeka. Helmeti ya abiria ivaliwe na kufungwa, hata nywele zimelowa. Makoti yenu mengi ni meusi, dereva wa lori hakuoni. Vaeni reflekta juu ya koti, si chini yake, na taa iwake mchana.

Niwageukie matajiri, yaani wenye pikipiki, maana wawili nimewaona mmekaa nyuma, na nimefurahi mmekuja. Kijana akidaiwa hesabu yenu ya siku, shilingi 10,000, siku ambayo mvua imenyesha tangu alfajiri, robo saa yangu ataipata wapi? Atakimbia tu. Mimi naomba muandike kwenye mikataba siku za mvua kubwa zilipwe nusu, au zisogezwe mwisho wa mkataba. Shokapu moja mnaijua bei yake kwangu. Mwaka jana tajiri mmoja wa mtaa wa pili alikubali, na vijana wake watatu wamemaliza masika bila kuletwa gereji kwa kuanguka hata mara moja.

Maswali tutayamalizia nje. Nimeegesha pikipiki nne pale kwenye mwembe, mbili zina tairi nililolikataa. Kila mmoja apite aweke ukucha kwenye kashata, halafu ainame aminye breki ya mbele ya pikipiki yake mwenyewe. Atakayeikuta imelegea, spana ninazo hapa, tuikaze sasa hivi.